Siku ya Mlima, Mimi Nikiwa Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa viatu vya watu wengine nivisugue. Viatu vya kupandia milima, tope limekauka juu yake, jozi baada ya jozi, katika stoo ya chini ya ardhi ya kampuni moja ya matembezi hapa Stockholm. Nilikuja Sweden kusomea misitu; masomo yakaisha, ndoa ikanibakiza, na kazi ya misitu sikuipata. Mkuu wa Stoo, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alisimama nyuma yangu akinitazama, kisha akanipokonya kiatu mkononi.

"Usiangalie ngozi. Angalia soli," alisema. "Unaona kisigino kimelika upande wa nje? Huyu hatakusumbua akipanda. Atalia akishuka. Ukiwa kiongozi, mtu wa namna hii mweke karibu nawe."

Ukiwa kiongozi! Nikacheka kimoyomoyo, mimi na brashi yangu na ndoo ya maji. Lakini neno lile lilinikaa, na tangu siku ile sijakutana na mtu nikamtazama usoni kabla ya miguuni.

Ninyi vijana mnaokutana Jumamosi na kwenda kutembea porini mmeniomba niwaeleze kazi yetu ilivyokuwa kabla simu hazijaanza kuonyesha watu njia. Nitawaeleza. Mnivumilie kwa mambo mawili tu. La kwanza, Waswidi humwita hata mkubwa wao kwa jina lake la kwanza, kavukavu, bila bwana wala bibi. Mimi Felista nimezaliwa Usangi, Upareni, na jambo hilo limenishinda mpaka leo, kwa hiyo wakubwa wangu nitawataja kwa vyeo vyao. La pili, mimi ni mtu mwenye wivu. Si wivu wa mume. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakunipa sababu. Ni ule wa kumwona mwenzako anapendwa ukajiuliza, kwa nini yeye? Nyumbani wanaiita roho ya kwa nini. Ninayo, na sikuipata uzeeni.

Kazi yetu ilikuwa na ngazi zake. Ukitoka stoo ulifanywa mfagio. Mfagio ni mtu wa mwisho katika msafara. Anatembea nyuma ya wote, anaokota kofia zilizosahaulika, anamsubiri aliyekwenda haja kichakani, na kila penye geti anahesabu vichwa. Nilifagia misafara ya nusu siku kando ya maziwa ya hapa, upande wa Spånga na kwingineko, kwa mvua na kwa theluji, miaka minne. Aliyepanga nani aende wapi ni Mkuu wa Safari, mama mrefu mwenye sauti ya chini. Kila niliporudi aliniuliza swali moja: "Wa mwisho leo alikuwa nani, na kwa nini?" Hakuuliza hata siku moja wa kwanza alikuwa nani. Ukishindwa kumjibu, wiki inayofuata unarudi kwenye ndoo na brashi.

Mwaka wa tano akaniita ofisini.

"Umezaliwa mlimani, si ndiyo?"

"Ndiyo. Kwetu hata kwenda kuteka maji ni mlima."

"Basi utakwenda Krete. Utakaa mbele."

Krete ni kisiwa cha Wagiriki katika bahari ya Mediteranea. Waswidi wakichoshwa na giza lao hukimbilia huko, nasi tuliwapeleka wiki wiki, majira ya kuchipua na ya kupukutika, maana katikati ya kiangazi mlima ule unaunguza. Siku nyingine zote za wiki zilikuwa za vijiji, magofu na kuogelea, yaani za kawaida. Alhamisi ndiyo iliyokuwa Siku ya Mlima. Ilikuwa safari ya siku moja, asubuhi mpaka alasiri, kuuvuka mlima unaosimama kati ya bonde la mashamba na bahari. Kuongoza Alhamisi ndiyo ilikuwa heshima ya kampuni nzima, na aliyeongoza Alhamisi hakuna aliyemtishia tena kumrudisha stoo.

Sasa niwapitishe. Basi lilitushusha kijijini saa moja asubuhi, watu wangali wanapiga miayo. Kwanza ukaguzi: maji, kofia, kamba za viatu. Kisha tunaingia kwenye matuta ya mizeituni na kuta za mawe zisizo na saruji, tukifuata njia ya punda iliyotandikwa mawe na watu waliokwisha kufa zamani. Hapo kila mtu ana maneno. Saa nzima ikipita maneno yanakwisha. Mizeituni inabaki chini, unapita vichaka vya miiba na vimajani vinavyonukia viungo ukivikanyaga, unafika kwenye kibanda cha mzee mmoja mchunga mbuzi. Juu ya kibanda kuna tandiko. Tandiko ni ule mbonyeo kati ya vilele viwili, mahali njia za milimani hupenda kuvukia, na kwenye tandiko letu palikuwa na kikanisa cheupe ambacho watu wanne wakiingia kimejaa. Tulipumzika hapo. Kutoka hapo unapanda mgongo wa mlima kama dakika arobaini, na ukifika kileleni, hiyo hapo bahari, yote.

Nilikuwa na desturi ya kuwanyooshea fimbo kusini na kuwaambia, "Ng'ambo ya maji haya ni Afrika. Mkienda bila kukata kona mtafika kwetu." Walipiga picha ya bahari, kisha yangu. Halafu tunashuka, na kushuka ndiko kwenye kazi, kwa sababu changarawe inateleza na magoti yanatetemeka mpaka kwenye ghuba ndogo. Hakuna barabara pale, mashua ya injini ilitungojea saa kumi alasiri.

Na penye njia panda je? Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wetu. Wa mbele akifika penye njia mbili husimama na kuinua fimbo. Maana yake: nakata hivi, sawa? Mfagio, aliye nyuma ya msafara mzima, anaona mlima kwa upana kuliko yule aliye mbele. Kama wa mbele amekosea, mfagio hupuliza filimbi mara tatu. Kama yuko sawa, mfagio hufanya nini? Hafanyi kitu. Kimya kilikuwa ndiyo. Msiisahau hiyo kanuni.

Niliongoza Alhamisi miaka kumi na mmoja. Halafu nikamleta Zubeda.

Nilimleta mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Tulikutana Hallunda kwenye harusi ya Mtanzania mmoja, tukajikuta tunapakua pilau sahani moja. Mtoto wa Tanga mjini, mdogo wangu kwa miaka kama kumi na mitano, ana binti mdogo. Alikuwa akihudumia wazee majumbani na mgongo ulianza kumkataa. Nikamwambia njoo kwetu, kutembea hakuvunji mgongo. Nikamtetea kwa Mkuu wa Safari, nikamfundisha soli, nikamfundisha kuhesabu vichwa bila kunyoosha kidole, nikamfundisha kufunga kifundo kilichoteguka. Aliniita dada, na alilitamka kwa dhati. Mlima mrefu aliowahi kuupanda kabla ya hapo ni ngazi za ghorofa. Usambara yenyewe aliiona kwa mbali tu, kutoka dirisha la basi.

Nikamfanya mfagio wangu Siku ya Mlima. Wiki ya tatu, yule mchunga mbuzi akampa jibini.

Wiki ya tatu! Mimi yule mzee kwa miaka kumi na mmoja alinipa kichwa, kikashuka, kikapanda, basi. Nilirudi nyuma nikamkuta Zubeda ameshika bonge limefungwa kwenye jani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemuuliza kama mbuzi wake hawajambo, dada."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa mikono."

Akalikata jibini lile kwenye kikanisa, akagawa, na juu yake akawamiminia watu chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa aliyoibeba mgongoni tangu kijijini. Hakuna aliyemtuma. Waswidi wale, watu wanaokaa na jirani miaka ishirini bila kujuana majina, wakaanza kusimuliana habari za wajukuu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kikanisa, nikitazama saa.

Mwisho wa kila wiki wageni waliandika karatasi za maoni. Mkuu wa Safari alizituma zote kwetu, nzuri na mbaya. Kwangu waliandika: hodari, anajua njia, anafika kwa wakati. Kwa Zubeda mama mmoja aliandika, "Alinifanya nisahau goti langu." Niliisoma karatasi ile mara nyingi kuliko barua za mama yangu. Hodari! Hata trekta ni hodari. Nikaanza kumsahihisha mbele za watu, mara hatua zake fupi, mara anachelewesha msafara. Yeye anajibu, "Ahsante dada, nitarekebisha," na kweli anarekebisha. Mtu wa namna hiyo utamchukia kwa lipi? Nilitafuta, na kukosa kulinizidishia chuki.

Msimu uliofuata Mkuu wa Safari akaniita. "Alhamisi Zubeda ataongoza mbele. Wewe utakaa nyuma."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Yeye watu wanamfuata kwa furaha. Nyuma nataka macho makongwe."

Kwa Kiswidi ilikuwa sifa. Mimi nilisikia moja tu, kwamba nimeteremshwa na mtu wa pwani amepandishwa, na mlima ni wangu. Jioni ile ile Zubeda alikuja kwangu Rissne na bakuli la visheti.

"Dada, nikatae? Ukisema nikatae, nitakataa."

"Ukatae kwa nini? Nenda, mdogo wangu. Ni haki yako."

Ulimi ninao mimi. Siku ile ulikuwa mtamu kupita visheti vyenyewe. Akashusha pumzi, akanishika mkono. "Basi sitaogopa. Wewe ukiwa nyuma yangu sina haja ya kugeuka."

Alhamisi yake ya pili tulikuwa na wageni kumi na wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mama mcheshi wa miaka sabini na kitu, kisigino chake kimelika nje. Zubeda alimweka karibu naye, sawasawa na nilivyomfundisha. Tulipumzika kwenye kikanisa, chai ikanywewa, tukaondoka.

Juu kidogo ya kikanisa njia inagawanyika. Ya kulia, inayokwenda kwenye mgongo wa mlima, ni nyembamba. Ya kushoto ni pana na imesuguliwa vizuri, lakini imesuguliwa na mbuzi, na mbuzi hawaendi baharini. Wanakwenda kwenye rafu za mwamba kula majani, basi. Palikuwa na jiwe lenye alama ya rangi nyekundu; mvua za baridi zilikuwa zimelivingirisha bondeni. Lilibaki rundo dogo la mawe upande wa kulia. Na wakati ule ule likapanda wingu kutoka baharini, kama ilivyo kawaida ya milima ya pwani, hewa ya unyevu ikigonga mwamba inakuwa wingu papo hapo.

Wingu lile liliwakalia wao. Mimi nyuma nilikuwa kweupe. Niliuona mtandio mwekundu wa Zubeda ukiingia kushoto. Nikaliona rundo la mawe kulia, liko wazi, hatua chache kutoka kwake, yeye halioni. Akasimama. Akainua fimbo.

Hakugeuka. Kwetu mdogo hamgeukii mkubwa wake kumkagua kama kweli yupo kazini. Ingekuwa utovu wa adabu. Alisimama tu na fimbo juu, akisikiliza.

Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Niliishika, nikaitia mdomoni. Nakumbuka ubaridi wa chuma kwenye meno. Kisha nikawaza, mwache apotee kidogo. Dakika kumi. Watafika penye rafu, watahangaika, nami nitapita mbele yao niwarudishe njiani, waone mlima unajulikana na nani. Watarudi Stockholm waandike hilo kwenye karatasi zao. Nikaitoa filimbi mdomoni. Zubeda akangoja, akasikia kimya, akashusha fimbo, akaenda.

Njia ya mbuzi iliishia mahali pa kusimama watu watatu. Msafara ulipokuwa ukigeuka, kila mtu akitafuta pa kuweka mguu kwenye changarawe, nilisikia mawe yakiporomoka, halafu sauti ya mwalimu. Si kelele kubwa. Alisema tu, "Jamani," kwa Kiswidi chake, kama mtu aliyemwaga kahawa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika.

Zubeda alifika kwake kabla yangu. Akaunga mguu kwa fimbo mbili, akavua mtandio wake akafungia, akimsemesha muda wote kwa sauti ya kawaida. Mchunga mbuzi alisikia vurumai akaja na punda. Tukarudi tulikotoka, kijijini, polepole mno. Na hata pale, watoto wangu, na huku nikijua nilichofanya, niliona mwalimu ameshika mkono wa Zubeda njia nzima hataki wa mtu mwingine, na wivu ukanichoma. Sitaki kuwadanganya.

Asubuhi yake Mkuu wa Safari alikuwa ameshafika kwa ndege. Tulikaa watatu kwenye meza ya nyumba ya wageni, ripoti mbele yetu.

"Felista, wewe ulikuwa nyuma. Uliwaona wakikata kushoto?"

"Wingu lilikuwa zito. Sikuona."

"Fimbo yake je?"

"Sikuona kitu."

Zubeda akadakia kabla sijaulizwa la tatu. "Mimi ndiye niliyeongoza. Dada msimsumbue. Angeona, angepuliza."

Nikatia saini. Mkuu wa Safari hakugomba, si mila yao. Alimwondoa Zubeda mlimani siku hiyo hiyo, kwa upole. Msimu ulipokwisha Zubeda akaacha kazi mwenyewe, akaenda kupika katika shule moja karibu na kwake. Nilisikia watoto wa shule ile wanamwita kwa jina wakipita kwenye dirisha la jiko. Hata huko! Nilijiuliza, mwanamke huyu ukimtupa shimoni, si atapendwa na vyura?

Mimi nikarudishwa mbele. Niliongoza Alhamisi miaka mingine tisa, na sikuifurahia hata moja. Kila nikipita kibandani, yule mzee alinyoosha kidole nyuma yangu, akapitisha mkono kichwani mwake kuonyesha mtandio, akafungua viganja: yuko wapi? Nami nikanyoosha mkono kaskazini. Alhamisi inayofuata anauliza tena.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ofisini, keki na maua. Mkurugenzi mwenyewe alisimama akasema, "Miaka yote hiyo Felista hajawahi kupoteza njia." Wakapiga makofi. Zubeda alikuwa amealikwa pia, kwa kuwa aliwahi kuwa wetu. Alipiga makofi amesimama.

Hayo yangekwenda nami kaburini. Lakini mwezi uliopita nilisikia hodi, nikafungua, ni Rahma, binti wa Zubeda. Sasa ana miaka ishirini na minne. Amezaliwa hapa, na Kiswahili anachokisema kinaishia kwenye salamu na chakula. Mengine aliyasema kwa Kiswidi nami nikamjibu kwa Kiswahili, tukaelewana.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Akaniambia ameajiriwa na kampuni yetu ile ile. Amekaa mfagio misimu miwili, na sasa wamempa Siku ya Mlima, mbele. Akatoa kwenye begi kitabu cha waongozaji, kile kinachoeleza kila njia hatua kwa hatua, akakifungua mezani. Kulikuwa na mstari umepigwa kistari chini: kwenye njia panda juu ya kikanisa mtu wa nyuma haoni, kwa hiyo wa mbele asitegemee filimbi.

"Nimesimama pale msimu uliopita nikiwa nyuma," akasema. "Niliona vizuri kabisa. Kwa nini kimeandikwa hivi?"

Uongo wangu. Ulikuwa umepigwa chapa, na vijana wanafundishwa.

"Labda siku ile kulikuwa na wingu," nikasema. Bado nilijaribu, mnaona?

"Mama amesema nikatae. Natakiwa kujibu Ijumaa."

"Kwa nini ukatae?"

"Anasema sisi kwetu hatuna macho ya njia. Anasema yeye alijipima pale akaona." Akafunga kitabu. "Unajua, hata tukitoka stesheni kwenda nyumbani, yeye hutembea nyuma yetu. Tangu nikiwa mdogo. Anasema, tangulieni ninyi, mimi nitawapoteza."

Njia ya stesheni hadi mlangoni kwao ni dakika saba. Nilimwambia Rahma asijibu chochote, nikachukua koti.

Kutoka Rissne hadi Hallunda, anakokaa Zubeda, ni treni mbili, ya buluu kisha nyekundu, na katika zote mbili nilitafuta namna nzuri ya kulisema. Haipo. Zubeda alinifungulia mikono ikiwa na unga, akafurahi, akataka kuweka chai. Nikabaki nimesimama jikoni na koti langu.

"Zubeda, nilikuona."

"Umeniona wapi, dada?"

"Kwenye njia panda. Kwangu hakukuwa na wingu. Niliiona fimbo yako, na rundo la mawe nililiona. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu."

Akanitazama. Akaenda kwenye sinki akanawa unga, kidole kimoja kimoja, akafuta mikono, akakunja kitambaa.

"Ilikuwa mdomoni."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Lililotoka ni hili: "Kwa sababu alikupa jibini."

"Jibini lile tulikula wote, dada."

Akakaa kwenye kiti. Alilia kidogo, bila sauti, na nilipomsogelea akainua kiganja kunizuia. "Miaka kumi na tano," akasema. "Nimekaa nikijiambia nina macho mabovu. Nimemfundisha na mtoto. Hata gari sikujifunza kuendesha." Nikasema nisamehe. Akatikisa kichwa. "Leo usiniombe. Leo sina. Vijana si wamekuomba uandike habari za kazi? Andika hiyo. Weka jina lako na weka langu. Na kampuni uwaandikie kwa Kiswidi wakaufute ule mstari."

Halafu akachukua simu akampigia Rahma, mbele yangu, akamwambia kwa Kiswahili, taratibu ili aelewe: "Kubali. Ukifika juu ya kikanisa, kulia. Njia ya watu ni ile nyembamba." Miaka kumi na tano hajakanyaga pale, na alikuwa anapakumbuka.

Kampuni nimewaandikia. Mkuu wa Safari wa sasa, kijana ambaye sikuwahi kufanya naye kazi, alinijibu kwa mistari miwili, kwamba kitabu kitarekebishwa. Rahma amekubali. Zubeda hajanipigia, nami simlaumu.

Basi mmeomba hekima ya mstaafu. Kaguaneni soli. Chukueni maji ya kutosha. Mlima wa pwani msiuamini baada ya saa tano asubuhi. Na anayetembea mwisho ndiye aliyeshika roho za waliotangulia, hata kama hapigwi picha. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Jana nimeisoma kazi hii yote tangu mwanzo, nikaona jambo. Hadithi ni yangu, ulimi ni wangu, mlima niliuongoza mimi miaka ishirini, na bado mtakayempenda ni yeye. Wivu umenipanda hapa hapa mezani, nikashika kalamu nimpunguze kidogo, angalau ile chai, angalau yale makofi. Nimekaa nayo mkononi mpaka supu imepoa. Sijafuta neno.